Macho Juu, Mtoto Yuko Wapi?

Ndugu wasomaji, kila mwaka unapokaribia kwisha watoto wa huku kwetu Ruvu huuliza swali moja: "Baba, mwaka huu tutakwenda Dar kuona fashifashi?" Wakubwa nao, ijapokuwa hawasemi, wanatamani. Nani asiyependa kuona anga likichanua maua mekundu na ya kijani saa 6 kamili usiku, mwaka wa zamani ukiaga na mwaka mpya ukibisha hodi?

Katika ukurasa huu wa afya hatukusudii kumnyima mtu furaha hiyo. Ni jambo jema familia kutoka pamoja. Baba ambaye siku zote yuko shambani au kazini, na mama ambaye hapumziki jikoni, siku hiyo wanakaa na watoto wao na kucheka nao. Tunachotaka kusema ni kimoja tu: usiku wa fashifashi macho ya watu wote huwa juu, lakini hatari karibu zote ziko chini. Ziko mlangoni penye msongamano, mkononi mwa mtoto, kwenye miguu iliyo wazi mbele ya mbu, na katika barabara ya kurudi nyumbani. Sisi tulijifunza hivyo kwa hofu kubwa, na tungependa ninyi mjifunze bila hofu hiyo.

YALIYOTUPATA

Tulikuwa familia 5 za jumuiya moja. Tulichanga fedha, tukakodi basi dogo aina ya Coaster, tukaondoka Mlandizi jioni ya tarehe 31 Desemba. Watu wazima tulikuwa 9 na watoto 17, jumla 26. Tulipita Maili Moja, Kiluvya, Kibamba na Mbezi watoto wakiimba njia nzima, na saa 3 usiku tulikuwa ufukweni. Mahali penyewe hatupataji, kwa kuwa kosa lilikuwa letu wenyewe.

Tulitandika mikeka, tukala wali na samaki tuliobeba, tukangoja. Saa 6 kamili fataki ya kwanza ikapanda, ikapasuka, na watu wote wakapiga kelele za furaha. Kwa muda wa dakika kumi hivi hakuna hata mmoja kati yetu aliyetazama chini. Zilipokwisha tulikumbatiana na kutakiana heri, kisha tukarudi kwenye gari. Dereva, mzee mwenye busara, akasema, "Kabla sijawasha gari, hesabuni watoto." Tukahesabu 16. Tukarudia. Wakawa 16.

Aliyekosekana alikuwa mtoto wa kiume wa miaka 6. Mama yake alidhani yuko na shangazi yake. Shangazi alidhani yuko na baba. Baba alidhani yuko na watoto wenzake. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi tulikuwa manahodha 9, na hakuna aliyeshika usukani.

Tulimtafuta kwa muda wa dakika 40. Wasomaji wenye watoto wanajua dakika 40 za namna hiyo zina urefu gani. Tulimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya mama mmoja muuza karanga, anakula karanga. Mama yule alitueleza kuwa fataki ya kwanza ilipolia mtoto alikuja mbio, ameziba masikio, akajificha nyuma ya meza yake.

"Nilimuuliza baba yako anaitwa nani, akasema anaitwa Baba," alisema. "Nikamuuliza mnakaa wapi, akasema nyumbani. Nikaona basi, nikizunguka naye tutapishana na wenyewe. Nikamwambia mwanangu, hapa hatuondoki mpaka waje."

Baba wa mtoto alitaka kumpa fedha. Alikataa, akasema, "Kaka, wewe mwakani mfundishe jina lako."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Mtoto wetu alijua kusoma herufi, alijua nyimbo, alijua wachezaji wa mpira kwa majina. Jina la baba yake hakulijua.

MSONGAMANO UNAVYOUA

Sisi tulimpata mtoto wetu. Wako wasiobahatika hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu wengi walikusanyika kusherehekea mwaka mpya katika jengo la maduka la Freedom City jijini Kampala, Uganda. Polisi walieleza kwamba ilipofika saa 6 usiku mshereheshaji aliwaalika watu watoke nje kutazama fashifashi. Zilipokwisha, watu wakasongamana. Watu wasiopungua 9 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Hawakuuawa na baruti. Waliuawa na msongamano.

Hapa kwetu pia tunayakumbuka ya Tabora. Sikukuu ya Idd el Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Wazazi wao walikuwa wamewaruhusu kwenda kufurahia sikukuu, kama mzazi yeyote angefanya.

Watu wengi hudhani kuwa katika msongamano mtu hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi sivyo. Hufa akiwa amesimama wima. Kifua kikibanwa mbele na nyuma hakiwezi kutanuka, na kisipotanuka hewa haiingii. Mtoto ndiye wa kwanza kuumia, maana kichwa chake kiko usawa wa tumbo la mtu mzima, mahali pasipo na hewa, na sauti yake haisikiki. Kwa hiyo yafaa kuzingatia haya:

1. Msikae katikati ya umati. Kaeni pembeni, hata kama mtaona kidogo. Fashifashi huruka juu sana, na aliye mbali huziona vizuri kuliko aliye chini yake.

2. Mnapofika tu, tafuteni njia mbili za kutokea. Watu wengi hukimbilia mlango ule ule walioingilia.

3. Msitoke wakati wote wanapotoka. Ama ondokeni dakika chache kabla ya mwisho, ama kaeni mahali penu nusu saa nyingine, mle matunda, umati upungue.

4. Mkibanwa, mnyanyueni mtoto juu, akae begani au kiunoni. Mtu mzima akunje mikono mbele ya kifua kama bondia ili apate nafasi ya kupumua. Asisukumane na umati. Asogee kidogo kidogo kwa upande mpaka pembeni. Kiatu kikidondoka, kiacheni.

KILA MTOTO NA MTU WAKE

Tangu usiku ule tumeweka utaratibu. Kabla ya kupanda gari kila mtu mzima anatajiwa watoto wake wawili kwa majina, naye anaitikia mbele ya wote. Kuanzia hapo akienda msalani, anawakabidhi kwa mtu mwingine kwa mdomo, na huyo mwingine anajibu, "Nimewapokea." Wako waliotucheka kwamba tunafanya kama wanajeshi. Acha wacheke.

Kadhalika, namba ya simu ya mzazi tunaiandika kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, sehemu ya juu inayofunikwa na shati. Mtoto wa miaka 4 na kuendelea afundishwe jina kamili la baba, la mama, na la kijiji chake. Afundishwe kwa wimbo, atashika upesi. Tena aambiwe: ukipotea, simama pale pale, usipoona mtu wako, mwendee mama mwenye watoto, mama muuza vitu, au askari.

MLIO NA MASIKIO

Mtoto wetu alikimbia kwa sababu ya mlio. Sikio la mtoto ni laini kuliko la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto asisikie mlio wa ghafla unaozidi desibeli 120, na mtu mzima usiozidi 140. Fataki inayolipuka karibu huweza kuzidi vipimo vyote viwili. Mlio wa namna hiyo huweza kuharibu vinyweleo vidogo sana vilivyomo ndani ya sikio, na vinyweleo hivyo vikishakufa haviti tena.

Mtajuaje kama mko karibu mno? Kuna njia rahisi ambayo watoto huipenda. Mwanga hufika machoni papo hapo, lakini sauti husafiri meta 340 hivi kwa sekunde moja. Mkiona mwanga anzeni kuhesabu. Sekunde 3 ni kama kilometa 1. Mwanga na mlio vikija pamoja, basi mmekaribia mno. Rudini nyuma mpaka muweze kusema "moja" kwa utulivu kabla ya mlio kufika.

Mtoto mchanga abaki nyumbani na bibi yake. Mtoto mdogo azibwe masikio kwa viganja. Kama sikio linalia au mtoto hasikii vizuri hata baada ya siku moja, apelekwe kwa mganga.

Tusiwasahau wakubwa pia. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha katika kambi ya jeshi Gongo la Mboto yalilipuka, na zaidi ya watu 20 wakafa. Watu walikimbia usiku ule, wengine wakielekea Pugu na Kisarawe, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 2009, ilikuwa Mbagala. Katika safari yetu tulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiishi Gongo la Mboto wakati ule. Fataki zilipoanza aliinama chini, akatetemeka, akalia. Baadhi ya vijana walimcheka. Ndugu wasomaji, huo si woga wala utoto. Ni jeraha la moyo, na jeraha hilo lipo. Mtu wa namna hiyo aulizwe mapema kama anapenda kwenda. Akienda, aambiwe saa ya kuanza, akae ndani ya gari na mtu wa kumshika mkono.

MOTO MKONONI

Fataki ni baruti, yaani shura, salfa na makaa yaliyosagwa. Rangi zake hutokana na metali: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, sodiamu njano na shaba buluu. Moshi wake hubeba chembe za metali hizo, kwa hiyo mwenye pumu akae upande upepo unakotoka, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni.

Fashifashi kubwa hurushwa na wataalamu wenye kibali cha polisi. Zinazotuletea majeraha huku vijijini ni zile ndogo. Kuna vijiti vinavyomeremeta ambavyo wazazi huwapa watoto wadogo wakidhani ni salama. Joto la kijiti hicho hufika nyuzi 1000 za Sentigredi na zaidi, yaani mara 10 ya maji yanayochemka. Hata kikizimika, waya wake bado unaunguza. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kabisa. Wakubwa wakishike kwa urefu wa mkono, na kikizimika kitumbukizwe katika ndoo ya maji.

Vijana nao hufunga stili waya ya kusugulia masufuria kwenye kamba, huiwasha na kuizungusha, cheche zikaruka kila upande. Cheche hizo ni chuma kinachoungua. Zikimwingia mtu jichoni huweza kumpofusha, na zikiangukia paa la makuti nyumba inateketea mkesha wa mwaka mpya. Wengine husaga njiti za kiberiti, huzishindilia ndani ya spoku ya baiskeli na kuzipiga kwa msumari. Aidha wako wanaochoma matairi barabarani, jambo ambalo polisi hulikataza kila mwaka. Moshi wake ni sumu kwa mapafu.

Asubuhi ya tarehe 1 watoto hupita wakiokota fataki ambazo hazikulipuka. Waambieni mapema: isiyolipuka haijafa. Isishikwe.

AKIUNGUA, FANYENI HIVI

Mwagieni maji baridi ya kawaida sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Maji ya barafu hayafai. Pasipo bomba, dumu la lita 20 likimiminwa polepole, lita 1 kwa dakika, linatosha kabisa. Hata kama saa 2 zimepita tangu aungue, maji bado yanasaidia.

Mvueni pete, bangili na saa kabla hajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi msiibandue. Mkishamaliza maji, funikeni jeraha kwa kitambaa safi au mfuko safi wa nailoni, na mfunikeni mtoto kanga asipate baridi.

Msipake mafuta ya kula, dawa ya meno, yai, unga, majivu wala mafuta ya taa. Vitu hivi hushika joto ndani, huleta wadudu wa maradhi, na humpa mganga kazi ya kukwangua.

Nendeni hospitali mara moja kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri. Ulizeni pia habari ya chanjo ya pepopunda.

Jicho likipigwa na fataki, msilifikiche, msilibane, wala msitie maziwa ya mama, maji ya sukari au majani. Lifunikeni kwa kikombe kisafi kisichogusa jicho, mwende hospitali usiku ule ule. Kungoja kuche kunaweza kumgharimu mtoto jicho.

ADUI ASIYELIA

Wiki 2 baada ya safari yetu, watoto wawili waliugua homa. Mama mmoja alidhani ni uchovu wa sikukuu. Walipopimwa walikutwa na malaria. Watoto hawa walikuwa wamelala kwenye mikeka usiku kucha na nguo za sikukuu zisizo na mikono, mbu wakiwala, sisi tukitazama angani.

Ni vema kuelewa kwamba vimelea vya malaria huhitaji siku 7 au zaidi mwilini kabla homa haijatokea. Kwa hiyo homa ya tarehe 2 Januari haikutokana na mbu wa mkesha. Yawezekana mtoto aliambukizwa kabla. Lakini homa ya katikati ya Januari huenda ndiyo ya usiku ule. Zote mbili zipimwe ndani ya saa 24. Sisi tunaoishi karibu na bonde la mto Ruvu, na mvua za vuli ndiyo kwanza zimepita, tunajua mbu hawana sikukuu. Mtoto avae suruali, soksi na mikono mirefu, apakwe dawa ya kufukuza mbu, na wa kulala alale chini ya chandarua hata ndani ya gari.

NJIA YA KURUDI

Barabara ya Morogoro usiku huo ina madereva waliokesha na madereva waliolewa. Chagueni dereva asiyekunywa, tena aliyelala mchana. Kama mnaona amechoka, laleni hapo hapo mpaka kupambazuke. Msipande bodaboda watu watatu na mtoto anayesinzia katikati, ule mtindo unaoitwa mishikaki. Mtoto aliyelala hajishiki.

Asiyekuwa na nauli asisikitike. Kukaa uani, kuota moto, kuchoma mahindi, kusimulia hadithi na kungoja saa 6 pamoja ni sikukuu kamili, na hesabu ya watoto ni rahisi.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena, gari lile lile, dereva yule yule. Mtoto wetu, sasa akiwa na miaka 7, alikaa mbali kidogo, viganja masikioni, akahesabu mpaka mbili kila mwanga ulipotokea. Kisha alituomba tumpeleke kwa mama muuza karanga. Tulimkuta pale pale.

"Shikamoo mama," alisema mtoto. "Baba yangu nimeshajua anaitwa nani." Akamtajia majina matatu bila kukosea.

Tulirudi kwenye gari. Dereva hakuwasha mpaka tulipohesabu. Tulikuwa 26. Tulipofika Mlandizi alfajiri tulihesabu tena, tukawa 26, ndipo kila mmoja akaenda kwake kulala.

Tunawatakia heri ya sikukuu, mwende wote na mrudi wote.